Daktari Mwenda Ajitengenezea Janga

Jumatatu, 5 Mei 2025. DeSoto, Texas.
Barua pepe kutoka Houston! Kampuni ya umeme inatafuta mtu wa kuwaandikia wateja matangazo. Mahojiano wiki ijayo! Vyuo vyote vimenikataa, mimi, daktari mzima wa mawasiliano. Kathure, mke wangu, ametoka zamu hospitalini akanikumbatia. Kisha akasema nikiikosa hii, ameshaniulizia nafasi kwenye makao ya wazee Haltom City, kuwageuza kitandani usiku. Hatanii.

Tatizo moja. Watataka nisimulie dharura niliyowahi kuituliza. Sijawahi kutuliza hata mtoto. Tasnifu yangu ilihusu ukimya vikaoni.

Jumanne, 6 Mei.
Edson amepiga simu. Tulisoma pamoja, akaachana na vyuo mapema, akaenda Houston. Anafanya kazi wapi? Sijui, sijampa raha ya kumuuliza. Anasema wasifu wangu wa kurasa kumi na tisa uwe ukurasa mmoja. Wivu tu! Nimepunguza ukubwa wa herufi.

Alhamisi, 8 Mei.
Nimepata! Dharura hakuna? Naitengeneza. Jumamosi kanisa lina nyama choma. Nimenunua laini mpya ya simu. Nitavumisha kwenye kikundi cha kanisa cha WhatsApp kwamba imeahirishwa. Watachanganyikiwa. Kisha nitajitokeza kwa jina langu na kuwatuliza kisomi. Ushahidi tayari!

Ijumaa, 9 Mei.
Nimetuma: "Nyama choma ya Jumamosi imeahirishwa. Dhoruba kali inakuja. Kaeni nyumbani." Wamechanganyikiwa vizuri sana! Ila Kwamboka, mkuu wa mapishi, amerudisha mbuzi wawili kwenye friza huku akilia. Hilo limeniuma. Nikatuma tamko langu haraka. Kurasa nne. Hakuna aliyelifungua.

Mara Edson, ambaye bado yumo kikundini, kutoka Houston huko: "Poleni wapendwa. Nyama choma ipo kesho saa saba. Dada Kwamboka, toa mbuzi." Amina zikamiminika. Sitamsamehe!

Jioni Kathure ameniuliza, bila kuniangalia, ni mtu gani duniani anayeweka marejeo chini ya uvumi. Yalikuwa mawili tu!

Jumamosi, 10 Mei.
Jua kali. Nyama tamu. Kwamboka amenikabidhi sufuria zote nioshe. Kumbe kila mtu anajua.

Jumatatu, 12 Mei. Houston.
Mahojiano. Mkuu wa idara anaitwa Sheldon, mpole, hana haraka. Nikamwonyesha simu, nikamtafsiria ule ujumbe uliotuliza kanisa zima, jina la Edson nimeliziba kwa kidole gumba. Sheldon akasema mkasa huo ameshausikia. Edson anakaa pale dirishani, na ndiye aliyenipendekeza. Nikageuka. Edson akanipungia mkono. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikaona wazee wa Haltom City wakinisubiri, mmoja mmoja, wageuzwe. Nikasimama niage. Sheldon akauliza uvumi wenyewe ulikuwa na maneno mangapi. Kumi, ukiacha marejeo. Waliouamini? Wote. Basi, akasema, kumbe unaweza kuandika kwa kifupi. Akanisukumia karatasi, niandike tahadhari ya kimbunga kwa maneno kumi, ya kweli safari hii. Nikaandika.

Alhamisi, 15 Mei. DeSoto.
NIMEPATA KAZI! Kathure amepiga vigelegele hadi majirani wakafungua madirisha. Ameshaanza kutafuta hospitali Houston. Nimelia kidogo, sioni aibu. Nimempigia Edson kumshukuru. Akasema tahadhari yangu ilikuwa nzuri kuliko yake ya kwanza. Mtu mzuri, Edson. Nimekuwa nikimwonea bure.

Jumatatu, 2 Juni. Houston.
Siku ya kwanza! Nina meza, kiti kinachozunguka, jina langu mlangoni. Lakini umeme unawaka mji mzima. Hakuna anayelalamika. Edson anasema hiyo ndiyo raha ya kazi hii, nitulie ninywe chai. Ndiyo, nitulie, ili wiki ijayo waulize waliniajiri ya nini!

Nimemnong'oneza dada wa mapokezi kwamba ghorofa yetu yote inahamishiwa Dallas. Saa tisa nitajitokeza kuwatuliza.