Mwalimu Tumpale Amemfundisha Mtoto Wetu Kulia

Chapwa, Tunduma

Ndugu Mwalimu Mkuu,

Salamu zikufikie hapo ofisini, kama bado ni ofisi na haijageuzwa mahali pa kulilia.

Mimi ni Anyitike, mjomba wa Leah wa darasa la pili. Kama unavyojua, mama yake, dada yangu Jenista, aligongwa na lori akitoka sokoni, tukamzika kwetu Itumba. Mtoto tulimwacha kwa jirani, na kwa busara zetu za watu wazima tukamwambia mama amevuka mpaka kwenda Nakonde kufuata vitenge. Ndiyo ilikuwa biashara ya Jenista, kwa hiyo mtoto aliamini. Akatulia kama maji mtungini. Kila jioni alimfunikia mama yake ugali, kisha akaenda kusimama barabarani kuwatazama akina mama wanaorudi na mizigo. Hakulia. Tulijisifu sana kwa malezi hayo, mpaka Mwalimu Tumpale alipotuharibia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hana fimbo. Leah aliacha kuandika, akawa anatazama dirishani tu. Mwalimu anayejua kazi angemchapa. Huyu akamhamishia karibu na meza yake, akamuuliza amelalaje. Mimi nilipofiwa na baba nilichapwa kwa kutosikiliza darasani, na sikupata madhara yoyote. Nimekua vizuri. Silii, nagombana na watu tu.

2. Alikuja nyumbani bila mwaliko, akakaa jikoni na mama yangu wakichambua maharage, akasema mtoto aambiwe ukweli. Mama yangu, ambaye mimi mwanawe hajapata kunikubalia jambo bila ubishi, akakubali papo hapo. Wakamwita Leah, wakamwambia mama amefariki, hatarudi. Ndipo mtoto akasema alidhani mama amekasirika huko Nakonde kwa sababu yeye alipoteza sweta ya shule. Mwalimu akamwambia si kosa lake, akarudia na kurudia mpaka likamwingia. Sasa nauliza, sweta ipo kwenye mtaala?

3. Ametandika mkeka nyuma ya darasa. Mtoto akizidiwa na huzuni anakwenda kukaa hapo bila kuomba ruhusa, na wenzake wamefundishwa kutomcheka. Tena anayetaka humpelekea kikombe cha uji. Nimesikia mwenzake Lucky, ambaye baba yake ametoroka nyumbani, naye ameshakaa. Leo darasa la pili, kesho Kamati ya Shule, keshokutwa Tunduma nzima iko mkekani. Nani atabaki kusimama kwenye foleni ya mpakani?

4. Hili ndilo linaloniumiza. Leah sasa analia nyumbani, hadharani, wakati wa kula. Akimaliza anakula, tena anaomba nyongeza. Ameanza kuandika. Juzi amecheka. Ugali hafuniki tena, bali anauliza maswali: mama alizikwa na kitenge kipi, na sisi tulilia? Mwalimu Mkuu, mimi nafunga mizigo ya malori tangu ujana, sijawahi kuulizwa swali zito namna hiyo. Nikatoka nje kuangalia kuku. Hatufugi kuku.

Kwa hiyo naomba Mwalimu Tumpale ahamishiwe shule isiyo na watoto, mkeka utaifishwe, na Leah arudishwe katika ukimya tuliomkabidhi nao. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na sisi tulikuwa tumeanza vizuri.

Wasalimie walimu wote, mlinzi wa geti na mama anayepika uji. Mwalimu Tumpale usimsalimie, ataniuliza nimelalaje.

Wako katika kuwakaza watoto mioyo,
Anyitike, mjomba

N.B. Jumamosi tunampeleka Leah Itumba akaone kaburi la mama yake. Amekataa kwenda bila mwalimu wake, kwa hiyo uhamisho usubiri kwanza. Mwambie pia aje na ule mkeka. Si wa mtoto, yeye ameshalia. Mimi tangu tumzike Jenista sijapata pa kukaa.