Ushindi wa Apolinary juu ya Korongo wa Kisorya

Njoni, enyi watu wa Iringo! Nanyi wa Butiama, tueni majembe. Nanyi wa Bunda, fungeni ng'ombe wenu, mje msikie vita vya Kisorya, alivyopigana Apolinary Jicho-Refu, Mzungusha-Pete, dhidi ya ndege wa ziwa zima.

Silaha yake ilikuwa lenzi ndefu ya kamera, nzito kama kinu, aliyoibadilisha kwa mtamba wa nyumbani. Iliuvuta mwamba wa mbali ukaja hadi puani, na pete yake ya kulengea ilizunguka laini hata shujaa akasisimka mwili. Lakini haikujua kulenga yenyewe, kama simu za watu wenye akili zao. Kila ndege alisubiri ukungu wa picha ukaribie kuondoka, ndipo akaruka. Nyara za shujaa hadi siku hiyo zilikuwa mikia, mawimbi na mbingu tupu.

Asubuhi ya vita, mkewe Benedikta alianika dagaa wa mboga mchangani, akatoa amri.

"Baba Happyness, naenda kanisani. Chunga dagaa. Na nikirudi hujapata picha hata moja imetoka, hilo bomba linarudi kuwa mtamba. Saa hizi tungekuwaga tunakamua."

Shujaa akanyoosha mkono ziwani. "Mama Happyness! Simu humlengea kila mvivu. Mimi hulenga kwa mkono huu! Leo ziwa litanijua!"

"Likujue, sawa. Dagaa je?"

"Wamo chini ya ulinzi wangu!"

Akapanda jabali. Ndege mdiria akaning'inia hewani, akivizia samaki. Apolinary akazungusha, akapitiliza, akarudi, mdiria akazama zake. Jua likawaka, shingo ikamkaza, matumaini yakamwisha. Ndipo akageuza lenzi ufukweni, akaona kipara kikubwa kimetulia kama mwenyekiti kikaoni. Korongo! Akazungusha taratibu, ukungu ukafunguka, manyoya yakatokea moja moja. Akabonyeza, akapiga yowe la ushindi.

Benedikta akarudi, akaukuta mchanga mtupu. Akaichukua kamera, akaitazama kwa muda mrefu.

"Imetoka," akasema. "Hadi kope. Na hawa mdomoni ni nani?"

Shujaa akainama, akatazama. Walikuwa dagaa, wanang'aa vizuri mno.

"Ulikuwa wapi, Baba Happyness?"

"Nilikuwa nalenga."

Ahadi ni ahadi, lenzi ikabaki. Jioni Benedikta akatenga ugali wa muhogo, na pale pakaapo bakuli la mboga akaweka kamera, imewashwa.

"Mboga yako hiyo. Kula."

Andikeni basi, enyi watunza tarehe, kwamba siku hiyo Apolinary alishinda. Akamega tonge, akaitazama picha, akameza kavu.