Magadi Kwenye Njia ya Ndege

Jumatatu, 10 Machi 2025

Wanataka kufunga kiwanja chetu cha ndege! Kampuni moja itajenga nyumba za kuuza. Hilary dalali ametangaza gengeni, mdomo umejaa chapati. Eti siku hizi ndege zenyewe ni za kubahatisha. Na mimi je, niliyezeeka nikifukuza ng'ombe ili ndege itue? Filimbi yangu! Kizibao changu cha njano! Kiwanja kikienda nabaki mume wa Marsela tu. Marsela anasema hicho nacho ni cheo, na sijawahi kukitendea haki.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata akili! Wapimaji wa kampuni wanakuja Alhamisi. Kiwanja kikijaa ng'ombe, watapima nini? Nimemwaga gunia zima la magadi katikati ya njia ya ndege. Supeet, mfugaji jirani yetu, ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Anasema ng'ombe akishajua penye chumvi, hapasahau. Nikamjibu ndicho ninachotaka. Jioni mvua ikanyesha, magadi yakazama ardhini, hakuna wa kuyazoa tena. Nikamshukuru Mungu.

Jumatano, 12 Machi

Marsela naye kafanya yake. Dada yake, Brigita, ni mpishi kwenye loji ya watalii. Kaongea na bosi wake, na kesho ndege ya watalii itatua kwetu mbele ya wapimaji. Mwenyekiti wa kijiji kaapa: akiiona ikitua kwa macho yake, atakipigania kiwanja mpaka wilayani. Kazi yangu moja tu, ng'ombe wasiwepo. Nimemwambia Marsela aniachie mimi. Habari za magadi sikumgusia. Mwanamume hasemi kila kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Aibu! Ng'ombe wa Supeet, wa majirani zake, nadhani hata wa kule mbali Nainokanoka. Wamelala kiwanjani wanalamba udongo. Nimepuliza filimbi mpaka mate yakakauka. Ndege ikazunguka, ikazunguka tena, ikaenda zake Manyara. Hilary akaipungia mkono! Mwenyekiti akauliza kwa ukali nani kamwaga magadi hapa. Supeet muungwana, akatazama milima. Bahati mbaya ndama wawili walikuwa wananilamba suruali.

Ijumaa, 14 Machi

Mwenyekiti kanawa mikono. Kiwanja basi tena. Marsela hasemi na mimi, anasema na mbuzi. Anamwambia mbuzi ameolewa na mjinga. Nimelia kidogo nyuma ya choo. Inauma, jamani.

Jumatatu, 7 Aprili

Miujiza! Mafundi wameshindwa kuchimba msingi. Ng'ombe hawabanduki. Kampuni inatafuta mtu mzoefu wa kuwafukuza, mwenye filimbi yake. Hilary mwenyewe kaja kunibembeleza, nami nikamwacha asimame juani kwanza. Naanza kesho! Marsela kacheka hatimaye, kisha akauliza: ng'ombe wakishamaliza kulamba chumvi yote, kazi itakuwepo?

Mwanamke ana wasiwasi huyu. Nimeshaagiza magunia mawili.