Malalamiko Dhidi ya Mlinzi, Programu Iliyoikana Posa Yangu

Zwolle, tarehe 9 Desemba

Kwa Bwana Roelof Dekkinga,
Mkurugenzi, ghorofa ya nne

Bwana Mkurugenzi,

Natumaini mafua yamekuachia. Mimi ni Gerben Postma, yule mrefu wa ghorofa ya pili unayemwita Gerrit. Kwa miezi saba nimekuwa nikiandika mwongozo wa Mlinzi, programu yetu inayokagua mikataba ya mawakili, na chochote kingine kinachoandikwa kwenye kompyuta za ofisi, na kuongeza kanusho mwishoni, asije mtu akashtakiwa kwa neno alilolisema mwenyewe. Nimemwelezea kwa kurasa mia moja na arobaini kwa moyo mweupe. Naye amenilipa kwa kunivurugia posa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwongozo wenyewe haukusalimika. Niliandika "Karibu, mtumiaji." Mlinzi akaongeza chini yake: "Ukaribisho huu haumpi msomaji haki ya kuingia." Nikauacha. Kazi ni kazi.

2. Wietske wa mapokezi alipotimiza miaka hamsini, tulimwandikia kadi ya kumtakia maisha marefu. Mlinzi akaongeza kwamba kampuni haitoi hakikisho lolote kuhusu urefu huo. Wietske alitukatia keki vipande vyembamba kama karatasi. "Kuleni," alisema, "ila sihakikishi kama mtashiba."

3. Hapa ndipo penye donda. Jioni ya Mtakatifu Nikolasi, tarehe 5, nilikuwa Meppel, kwa wazazi wa Fenna, mpenzi wangu wa miaka sita. Mila unaijua: kila zawadi ina shairi la utani lisilo na jina la mtunzi, na anayepewa hulisoma lote kwa sauti, hata limchome vipi. Langu nilikuwa nimelitunga kazini, wakati wa chakula cha mchana, kwenye kompyuta ya ofisi:

Fenna, baiskeli yako
inalia kama bata.
Nikuoe, fundi wako,
mafuta utayapata.

Fenna aliposoma "nikuoe" sauti ilimtetemeka, na mimi machozi yakanilenga. Kisha, kwa kuwa mila ni mila, akaendelea kusoma kilichokuwa chini, alichokiongeza Mlinzi bila hata kuniuliza: "Tamko hili limetolewa na G. Postma, Idara ya Miongozo. Halimfungi mtoaji. Mtoaji anaweza kujitoa wakati wowote pasipo kutoa sababu. Bidhaa yaweza kutofautiana na ilivyoelezwa."

Mama Geertje, mama yake, alishika kifua. "Haa! Mwanangu anachumbiwa kwa majaribio!"

Mzee Harm, baba yake, aliweka kikombe chini. "Mashine yangu ya kuoshea vyombo ilikuja na dhamana ya miaka miwili," alisema. "Wewe kijana umekuja na nini?"

Fenna aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akamega herufi yake ya chokoleti, ile F anayopewa kila sikukuu hiyo. Tangu usiku ule amebaki huko Meppel. Naogopa, Bwana Mkurugenzi. Nyumba imepooza, na hakuna mwingine duniani ninayetaka anicheke kila asubuhi.

4. Kwa kuwa kosa ni la kampuni, naomba kampuni ilirekebishe. Mosi, wakili wetu mkuu apande treni hadi Meppel na shada la maua, awatamkie wazazi kwamba nafungika. Pili, kampuni iidhamini posa yangu kwa miaka hamsini, pamoja na kuitia mafuta baiskeli siku nikiugua. Tatu, Mlinzi ashtakiwe, na kesi yake isikaguliwe na Mlinzi.

Unisalimie ghorofa nzima ya nne, Wietske ukipita mapokezi, na mashine ya kahawa, ambayo haijawahi kunikana.

Wako ninayefungika kikamilifu,
Gerben Postma (si Gerrit)

N.B. Ningeichana barua hii, ila imeshapewa namba ya kumbukumbu. Jana nilimtumia Fenna mwongozo mzima, ajionee kwamba kosa si langu. Ameusoma wote, mtu wa kwanza kufanya hivyo. Leo amenirudishia ukurasa wa 31, nilioandika mwenyewe, na kuupigia mstari: "Kabla ya kuongeza kanusho la kujitoa, Mlinzi humuuliza mwandishi: Una uhakika na unachoahidi? Akijibu Ndiyo, Mlinzi haongezi neno." Pembeni ameandika: "Gerben, ulibonyeza nini?"

Nilibonyeza Hapana. Nilipokuwa nikiandika mwongozo nilibonyeza Hapana mara mia nne ili nipate picha za kanusho za kuweka kurasani, na ningependa kusema kidole kilizoea. Lakini siku ile nililitazama swali lile hadi kahawa ikapoa.

Wakili asisumbuke. Maua nimenunua mwenyewe, na treni inaondoka saa kumi na moja. Shairi nimeliandika upya kwenye kompyuta ileile, Mlinzi akaniuliza, nikabonyeza Ndiyo. Hakuongeza neno.