Kwa Nini Hawanunui Vihrogon

Jumatatu, 16 Oktoba

Mvua. Sijauza kitu. Nimeona magoti mengi tu yakipita.

Ndivyo duka langu lilivyo. Chumba kiko chini ya ardhi, dirisha liko sawa na lami, na anayetaka kununua huchuchumaa. Jiji zima la Sofia linachuchumaa kununua sigara na bia, hakuna anayelalamika. Sasa kishikwambi kina nini hata mtu ashindwe kukichuchumalia?

Na si kishikwambi cha hivi hivi. Vihrogon! Kipya, ndani ya nailoni yake. Kina laini mbili, kalamu, redio, chaji inakaa mpaka unasahau uliiweka lini. Makasha yamejaa nyuma yangu hadi darini. Nimeyachukua kwa jamaa mmoja wa mji wa Plovdiv aliyeniapia kwamba yataisha kwa wiki. Kiangazi kizima kimepita.

Ng'ambo ya barabara yupo Ognyan. Dirisha lake liko usawa wa kifua. Anauza kitu kimoja tu, vishikwambi vyenye nembo ya tufaha lililomegwa, tena vilivyokwishatumika. Vina mikwaruzo! Foleni iko kwake.

Mama mkwe, Bibi Stoyna, mwenye chumba hiki, ametangaza mezani kwamba Sikukuu ya Mtakatifu Dimitri mapipa yake ya kabichi yanaingia humu na mimi natoka. Nitaenda kupakua mikate kwenye gari la Plamen, mwanawe, shemeji yangu. Tangu enzi za mababu siku hiyo ndiyo vibarua huagwa. Ameichagua makusudi. Nilimwambia kabichi inaweza kukaa roshani. Akaniuliza kama na mimi naweza kukaa roshani. Mke wangu Zhivka aliendelea kula.

Mchana magoti mazito yakashuka mbele yangu, soksi za sufu. Bibi Raina wa ghorofa ya tatu. Nikafuta kaunta haraka, nikavuta kasha. Loo! Akatoa mkobani tufaha alilonunua kwa Ognyan. Akaniambia, mwanangu Tsanko, mjukuu wangu wa Dublin kapotea humu ndani, hebu nitafutie. Nimemtafuta. Alikuwa nyuma ya utabiri wa hali ya hewa. Nimepewa kipande cha jana cha banitsa, andazi la jibini.

Lakini nimeng'amua tatizo. Ni magoti. Watu wanaumia magoti, basi.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimeweka mto wa mahameli mbele ya dirisha. Wa kiti cha Zhivka, hajui.

Aliyeutumia kwanza ni mbwa. Nikamfukuza, akarudi. Kisha Bibi Raina akaja na shoga yake Milka, wakapiga magoti bega kwa bega kama wako kanisani, kila mmoja na tufaha lake mkononi. Milka alikuwa amekuza maandishi hadi herufi moja ikajaa kioo kizima. Nikayapunguza. Akauliza nimefanyaje. Nikamwonyesha. Raina akasema na yeye aonyeshwe. Nikaonyesha tena. Yalikuwa yaleyale, kitufe kilekile, mahali palepale, wakafurahi ajabu.

Nikawaonyesha Vihrogon. Nikafungua redio. Milka akasema ina sauti nzuri, akauliza kama jirani yeyote anayo. Nikamwambia hapana mama, utakuwa wa kwanza mtaani! Nilidhani hilo litamvutia. Akasema Mungu apishe mbali.

Zhivka ameuona mto. Ameuchukua, na mbwa akamfuata.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimeandika tangazo kubwa. Kushoto sifa za Vihrogon, kulia sifa za tufaha. Upande wa kushoto ulijaa hadi nikaongeza karatasi kwa gundi. Kulia niliandika: lina tufaha.

Mwalimu Danailov, aliyefundisha fizikia hadi akastaafu, alichuchumaa akasoma lote, kidole kikitembea juu ya mistari. Akasema Tsanko, hoja zako hazina dosari. Kwa kila kipimo hiki ni bora kuliko kile. Nikanyoosha mkono kuchukua kasha! Akasimama kwa kushika ukuta, akavuka barabara, akanunua tufaha.

Sikuamini macho yangu.

Na bado akarudi! Akachuchumaa tena, akaniomba nimwashie. Eti Ognyan anauza tu, hana subira ya kufundisha. Nikamwuliza, Mwalimu, kwani umenielewa au hukunielewa? Akasema amenielewa sana, lakini binti yake aliye Valencia anatumia hilo, mkwewe hilo, na jengo lake zima linatumia hilo, yeye na Vihrogon yake ataongea na nani, na redio?

Nimemwashia. Nimemwekea picha ya wajukuu. Machozi yalimlengalenga, akanishika mkono kupitia dirishani, mkono wa baridi. Nilitaka kumchukia nikashindwa.

Nikienda kula, Zhivka hukaa dirishani. Leo nimemkuta ana wazee wawili na ameshamaliza shida zao. Nikamwuliza kama ameuza Vihrogon. Akacheka. Si kicheko kizuri.

Kuhusu Mwalimu: alichuchumaa muda mrefu mno, damu haikupanda kichwani.

Jumamosi, 21 Oktoba

Usingizi haukuja, lakini jibu limekuja. Tunda! Wenzetu wana tunda nyuma ya kishikwambi, sisi tuna nini? Jina refu tu. Mtu anapenda kushika kitu chenye tunda.

Nimechukua kalamu ya wino usiofutika nikachora shada la zabibu nyuma ya kila Vihrogon. Kazi ya asubuhi nzima. Mkono umekufa ganzi.

Plamen amekuja na mikate, akageuza kimoja, akauliza kwa nini nimechora mavi ya mbuzi. Nikamwambia ni zabibu. Akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza juu chini. Akasema haya bwana, kama unasema wewe. Halafu akanipima mabega kwa macho, eti koti la kazi lililobaki ni dogo, nipunguze banitsa.

Wateja watano leo. Wote wa matufaha, wote wa bure. Mmoja alitaka nimfutie mpwa wake kwenye orodha ya simu. Nikamfutia.

Jumatatu, 23 Oktoba

Siku zinakwisha. Nimeamua kuanzia nyumbani. Nimempa mama mkwe Vihrogon, bure, na utepe mwekundu. Akiipenda yeye, jengo zima litaipenda, maana mdomo wake unafika ghorofa zote. Na huenda akaniachia chumba.

Ameipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Amesema asante mkwe. Mara ya mwisho kuniita mkwe bila kuongeza kitu mbele yake sikumbuki.

Jioni akataka kuzungumza na dada yake Chicago. Hapo ndipo tulipokwama. Dada ana tufaha, na programu anayopigia huko haimo humu. Nikasema si taabu, dada apakue programu nyingine. Tukampigia kwa simu ya kawaida. Ana miaka themanini na moja, anajua kitufe kimoja, akakataa kabisa kujua cha pili. Nikamweleza taratibu. Akalia. Mama mkwe akachukua simu akambembeleza, akinitazama mimi muda wote.

Nikamwambia pole mama, angalau kuna redio. Akasema redio anayo jikoni tangu mwaka alioolewa.

Jumatano, 25 Oktoba

Usaliti! Ndani ya nyumba yangu! Yaani nyumba ya mama mkwe.

Nimeingia jikoni nikamkuta Bibi Stoyna amekaa kati ya Raina na Milka, kila mmoja na tufaha, vichwa vitatu vimeinamiana. Amenunua kwa Ognyan! Dada wa Chicago alikuwa kwenye kioo, anakula kitindamlo, wanacheka wote wanne. Vihrogon yangu ilikuwa juu ya meza, na juu yake pilipili zinakatwa.

Nikasema mama, hicho ni kishikwambi. Akasema anajua, kinapanguswa vizuri.

Nikamwuliza kosa langu ni nini. Nilitaka kuambiwa, kwa kweli. Akaweka kisu chini, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. Akasema: "Tsanko, chako kikikwama nimpelekee nani?" Nikasema mimi! Niko hapo chini! Akasema siku nisipokuwepo je. Tufaha likikwama anapanda kwa Raina. Raina akishindwa wanakwenda kwa Milka. Wote wakishindwa wanashuka dirishani kwangu. Akasema kila mtu mtaani anajua hivyo, hata Ognyan, ila mimi.

Raina akaongeza kwamba ndiyo maana na yeye alinunua. Alijua Tsanko yupo.

Nimetoka nje nikasimama kwenye baridi bila koti. Nimewaza sana. Ni wazi walikwishapanga pamoja. Wanawake watatu dhidi ya mtu mmoja, hata kishikwambi cha dhahabu kingeshindwa.

Alhamisi, 26 Oktoba. Mtakatifu Dimitri

Mapipa yamekuja asubuhi. Plamen aliyabingirisha, mimi nikasogeza makasha. Kabichi zikafuata, nyeupe, nzito, nyingi kupita kiasi. Chumba kikanuka chumvi. Nikaomba nikae dirishani hadi jioni, mama mkwe akakubali. Ilinichoma kuliko kama angekataa.

Mchana suruali iliyopigwa pasi ikasimama mbele yangu. Ikapinda. Ognyan! Miaka yote hii hajawahi kuchuchumaa kwangu. Uso ulimwiva kwa taabu.

Akasema ndugu yangu, tuongee kiutu uzima. Nusu ya wateja wake, kabla ya kutoa pesa, huuliza kwanza kama Tsanko bado yupo dirishani. Kwa Kituruki, kwa Kiroma, kwa kila lugha ya mtaa huu swali ni hilohilo. Akasema: "Wewe ndiye unayeuza vyangu. Mimi napokea hela tu." Akasema mtu hanunui chombo, ananunua uhakika kwamba hatabaki peke yake nacho. Sasa amesikia nafunga duka, na tangu asubuhi hajauza. Ana kiti changu dukani kwake, kiko karibu na hita. Mshahara, bima, likizo. Nianze Jumatatu.

Nikapangusa kaunta iliyokuwa safi. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba ninaweza kazi fulani.

Zhivka alikuwa nyuma yangu kati ya mapipa, amesikia yote. Akanishika mkono wa shati. Akasema Tsanko, kubali. Akasema amechoka na biashara zangu. Amechoka na kuku wa mayai ya rangi, amechoka na miavuli ya mifukoni, amechoka na Vihrogon, hataki utajiri, anataka tu mume anayerudi nyumbani saa ya chakula akiwa hana mpango. Mara moja katika maisha yako, akasema, kubali kitu unachopewa. Alikuwa analia.

Nikaomba dakika moja ya kufikiri.

Tatizo ni hiyo dakika. Nilijiuliza: mtu aliyefanikiwa anachuchumaa kwa nini? Ana hofu! Ameiona Vihrogon inakuja, anataka kuninunua kabla haijamfagia. Nikamwambia kwa heshima zote, ndugu Ognyan, siuziki.

Akanitazama. Akamtazama Zhivka. Akasimama, magoti yakalia yote mawili.

Jumatatu, 30 Oktoba

Siku ya kwanza kwenye gari la mikate. Koti ni dogo kweli. Plamen haongei, anapiga mluzi. Mgongo wangu si wangu tena.

Jana jamaa wa Plovdiv amekubali kuchukua Vihrogon zote, pamoja na zabibu zake, na kunipa saa za mkononi badala yake. Zinahesabu hatua, zinapima mapigo ya moyo. Nimeziingiza chini ya kreti za mikate, Plamen hajaziona.

Zhivka aliniuliza swali moja tu, kama zinaungana na vishikwambi vya tufaha. Nikasema hapana, hata kidogo. Akavaa koti lake zuri, akapaka rangi ya mdomo, akatoka.

Leo tumepita na gari barabara yetu. Mtu amekaa kwenye kiti karibu na hita, dukani kwa Ognyan, na foleni inafika kituo cha tramu. Ni Zhivka. Mwalimu Danailov alikuwa wa kwanza, Milka wa pili. Alikuwa anacheka, kicheko ambacho sijakisikia siku nyingi. Aliniona. Akanipungia mkono, kisha akainamia kioo cha mtu.

Nilikaa kati ya mikate nikajihisi mdogo sana. Nakiri. Mpaka daraja la Simba nilikuwa nimeinamisha kichwa.

Kisha nikatulia, nikaona mambo sawasawa. Mke wangu yumo ndani ya duka la Ognyan, atanijulisha kila kitu. Na zile saa haziungani na tufaha, haziungani na Vihrogon, haziungani hata zenyewe kwa zenyewe. Hapo ndipo nitakapomshinda. Watu wamechoka na vitu vinavyoelewana.