Geti na Get

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Kazi ya mapokezi imetangazwa. Kiti cha kuzunguka. Feni. Kivuli! Usaili ni Alhamisi, kwa Kiingereza, maana Meneja mpya ni mama mgeni asiyejua Kiswahili. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, na hata hayo maji huwa nayakosa.

Tatizo: mama mkwe nilishamwambia tangu mwaka jana kwamba kazi hiyo ninayo. Anakuja wiki hii, na Jumamosi anataka kuniona ofisini. Akinikuta getini, juani, na rungu mkononi, nimekwisha. Mke wangu amesema mzigo wa uongo hubebwa na mwenyewe.

Filimbi naye ameomba. Huyu ni mlinzi mwenzangu, hupuliza filimbi hata paka akipita. Eti anajifunza maneno kumi kwa siku. Masikini!

Jumanne, 4 Machi

Nimeazima kamusi kwa jirani, mwalimu mstaafu. Nimegundua jambo! Maneno mengi ya Kiingereza yana maana moja au mbili, hasara tupu. Lakini kuna moja, "get", limekula kurasa mbili. Kupata. Kuleta. Kuelewa. Kufika. Kuugua. Ukilibandika kaneno kadogo, linakuwa kuamka, kupanda, kushuka, kutoka. Nilifika maana ya arobaini na tatu nikasinzia.

Sasa piga hesabu. Filimbi anabeba maneno kumi. Mimi nabeba moja tu, lina maana arobaini na tatu. Nani mjinga hapo?

Halafu linatamkwa kama geti! Miaka tisa nalinda geti, kumbe nalinda Kiingereza kizima. Mwalimu alinishauri nianze na salamu. Nikamjibu, "I get." Akaingia ndani, akafunga mlango. Nadhani ni wivu.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Gari la Meneja lilipofika nikasimama wima nikasema, "Get! Get! Get!" Akateremsha kioo, akaniangalia, akaliangalia geti, akapiga simu.

Baada ya saa moja akaja fundi wa kuchomelea. Akasema ameambiwa geti ni bovu, mlinzi mwenyewe amelalamika mara tatu. Akaling'oa lote, akaondoka nalo.

Siku nzima mimi na Filimbi tumesimama mikono tumeinyoosha, ndio sisi geti. Lori likija, tunajifungua. Filimbi hasemi nami.

Alhamisi, 6 Machi

Filimbi ameanza. Katoka amelowa jasho. Maneno yake yote aliyataja kwa mpangilio wa kamusi, na alikuwa hajavuka herufi A.

Zamu yangu. Meneja akauliza kitu kirefu. "I get," nikasema. Akatabasamu. Akaigiza mgeni mwenye hasira, anagonga meza, nitafanyaje? "I get chair. I get water. I get you." Akacheka! Akaonyesha dirishani, kule getini. Nikainua vidole tisa, ndiyo miaka yangu: "I get sun."

Akapiga meza, akapaza sauti, "Get out!"

Neno langu lenyewe! Ukurasa wa pili, mstari wa juu: toka! Nikatoka, nikashuka ngazi mbilimbili. Akachungulia juu ya ngazi akipiga kelele kwamba nime-"got it". "Got" mimi sijaisoma. Nimeitafuta nyumbani: ni get ya jambo lililokwisha kutokea. Mfano uliotolewa ni wa mtu aliyepata mafua.

Basi ndiyo hiyo. Naumwa, na nimefukuzwa nisiambukize wengine. Kweli naanza kusikia baridi.

Ijumaa, 7 Machi

Kitandani, kitambaa puani. Mke wangu kanigusa paji la uso, akasema ugonjwa huu hauna joto, una uvivu.

Saa nne, mama mkwe huyo na mikoba yake! Akauliza mbona bosi amelala. Nikasema likizo. Hajakaa sawasawa, Filimbi akaingia anahema, akaropoka mbele yake, "We bwana, umejificha wapi? Meneja anakutafuta tangu jana! Kazi ya ndani umepata, utoke getini!"

Utoke getini. Mbele ya mama mkwe! Nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Mwalimu akaitwa kuamua. Akaeleza kwamba "get out" ile ilikuwa ya mshangao, kama sisi tunavyosema "Acha wewe!" na hakuna anayeacha kitu. Na hiyo "got" ni kazi, si mafua.

Shuka ikafunuliwa. Mama mkwe huyo, anacheka mpaka machozi. Akasema, "Mwanangu, kila nikikupigia simu nasikia honi na filimbi. Mapokezi gani hayo? Nilijua siku nyingi uko getini. Nimekuja nikuone hukohuko." Nililia. Naandika bila aibu, nililia, na mafua yakapona palepale.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya furaha! Geti limerudi, limepakwa rangi. Filimbi alitupulizia filimbi ndefu tukipita, tumepatana. Mama mkwe kakalia kiti changu, kazunguka mara tatu, akaomba mara ya nne.

Mwalimu ameniusia nianze kusoma lugha taratibu, sentensi nzima nzima. Nimemshukuru. Sina haja. Njia yangu imeshathibitika.

Kwanza, Meneja ameniachia karatasi ya kazi: kuanzia Jumatatu "you run the desk". Nimefungua kamusi. "Run"! Kurasa tatu! Maana ya kwanza kabisa: kimbia. (Kusimamia iko mbali huko chini, haihusu.) Dawati lenyewe ni la mbao na zito kweli, lakini Filimbi amekubali kushika upande wa pili.