Orodha Niliyotaka Isomwe kwa Sauti

Jamani, leo nimejianika mwenyewe mchana kweupe, tena dukani kwangu, mbele ya wateja wangu.

Wengi mnanijua. Kwa msionijua: mimi ndiye mwenye lile duka la kompyuta na fotokopi hapa Bombolulu, lenye bango la buluu. Shule niliacha darasa la nne. Nikabeba magunia bandarini mpaka mgongo ukapinda, nikanunua mashine moja ya fotokopi, na leo nimemwajiri mtu mwenye diploma. (Sijisifu. Naeleza tu.)

Mwenye diploma ni Mwanamisi. Binti mtulivu, hodari, anachapa barua bila kutazama vidole. Hilo la kutotazama vidole ndilo lililoanza kunitia wasiwasi. Mtu asiyetazama mikono yake anatazama nini?

Wiki mbili sasa kompyuta imekuwa nzito. Ukibonyeza kitu, unamaliza chai kabla hakijafunguka. Nikimuuliza, jibu ni lile lile: "Imeelemewa, bosi." Imeelemewa na nini? Nikaanza kuichunguza. Kila asubuhi nikawa naipapasa kwa kiganja kama mtoto mwenye homa. Ya moto! (Huwa hatuizimi. Nilikataza mwenyewe, maana mtu akizima anaficha alichokuwa akifanya.) Mwanamisi akitabasamu na kioo cha kompyuta, nasogea. Akikigeuza kukwepa jua, nageuka naye. Mwisho nikapata jawabu: huyu anafanya kazi za lile duka la ng'ambo ya barabara, kwa mashine yangu, kwa umeme wangu!

Jana nikaona video ya jamaa mmoja mtandaoni. Alifungua lile dirisha jeusi lisilo na picha, akaandika mstari mmoja wa amri, na kompyuta ikamwaga kila programu inayokimbia ndani yake. Kushoto, jina la aliyeifungua. Mwisho wa mstari, programu yenyewe na faili lake. Zinazokula nguvu nyingi zinakaa juu. Nikanakili ile amri nyuma ya bahasha, herufi kwa herufi. Nililala kama mtu aliyeshinda kesi.

Leo saa nne nikangoja duka lijae. (Ndiyo, nilingoja. Mwizi akamatwe mbele ya mashahidi.) Mwalimu Charo, mstaafu anayeheshimika mtaa mzima, alikuwa anasubiri barua yake ichapwe. Mama Zuhura alikuja na fomu za shule za mwanawe. Mlangoni vijana wawili wa bodaboda walitaka picha za pasi.

"Mwalimu," nikaanza, "mimi darasa sikuliona sana, na wallahi sijawahi kulihitaji. Leo utashuhudia. Mwanamisi, inuka hapo."

Akainuka. Nikaketi, nikafungua dirisha jeusi, nikachapa kwa kidole kimoja. Ikakataa. Nikachapa tena. Ikakataa.

"Acha nafasi hapo katikati, bosi," akasema Mwanamisi kwa upole.

Nikaacha nafasi. Ikakubali! Mistari ikamwagika. (Sasa fikirini: amenisaidia kutega mtego wake mwenyewe, na mimi badala ya kujiuliza kwa nini, nikajiambia huyu mjanja kupindukia.)

"Kuna mtu humu ananiibia!" nikasema kwa sauti ya bandarini. "Hii orodha itamtaja kwa jina. Mwalimu, hebu tusomee, miwani nimeisahau nyumbani." (Miwani ilikuwa mfukoni. Niacheni.)

Mwanamisi akaniangalia. "Yaani waniita mwizi? Mimi?"

"Orodha itasema."

Mwalimu Charo akasogea, akakohoa kidogo, akasoma kwa ile sauti ya darasani inayofika mpaka dawati la nyuma.

"Mstari wa kwanza. Mwenyewe: bosi. Video. Faili: Kiingereza cha Watoto, Somo la Kwanza."

Nikahisi sikio moja linapata moto.

"Wa pili. Bosi. Kiingereza cha Watoto, Somo la Kwanza. Wa tatu. Bosi. Somo la Kwanza. Wa nne..." Akainamia kioo. "Ah, hapa kuna maendeleo. Somo la Pili."

"Hongera!" kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti.

"Wa tano," akaendelea Mwalimu, "tumerudi la Kwanza."

"Inatosha, Mwalimu."

"Ngoja basi, wa sita ni Wimbo wa Herufi."

Mama Zuhura akaziba uso kwa fomu za mwanawe. Fomu zikawa zinatetemeka.

Mwalimu akashuka mpaka chini kabisa kulitafuta jina la Mwanamisi. Akalikuta mara chache tu. Faili lake kubwa kuliko yote: barua ya Mwalimu Charo.

Mwanamisi hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Akanieleza taratibu, mbele ya wote, kwamba saa saba yeye akienda kuswali, mimi huingia kwa jina langu na neno langu la siri. Nikimaliza sifungi kitu, naficha tu na kumwachia kiti. Kila kitu kinabaki kinakimbia kule ndani, siku baada ya siku.

"Nilikuwa najua, bosi. Nikirudi nakusikia ukirudia somo tangu mlangoni. Nikanyamaza nikusitiri."

Kisha akachukua mkoba wake.

Hapo ndipo jasho liliponitoka. Yule akiondoka, duka langu ni chumba chenye bango la buluu.

"Mwanangu, keti."

"Niombe radhi. Kwa sauti ile ile uliyoniitia mwizi."

Nikaomba. Kwa sauti ya bandarini. Hata wa duka la ng'ambo alitoka nje kusikiliza. Mwanamisi akaweka mkoba chini, akanielekeza niingie kwangu, nikafunga video zote moja moja, watu wakihesabu. Mashine ikawa nyepesi kama mpya. Barua ya Mwalimu ikatoka papo hapo.

Mwalimu akaikunja, akanishika bega. "Jumatatu alasiri njoo nyumbani na daftari. Tutaanzia la Pili."

Nimekubali. Nimekwisha nunua na daftari. Na wewe uliyeweka kicheko hapo chini kabla hujamaliza kusoma, nimekuona.